Kistari Chako Ni Kifupi

Ghorofa ya nne, mtaa wa viwanda vilivyokufa, Łódź.
Nimeshona makoti ya watu miaka thelathini na minane,
vidole vyangu huujua uzi kabla ya macho.
Basi waya wa shaba, mwembamba kama usinga wa farasi,
niliupima kwa utepe wangu wa ushonaji:
mita ishirini na sentimita ishirini,
nusu ya wimbi.
Ncha moja nikaifunga kwenye reli ya roshani,
ya pili nikaitupa, kwa jiwe na kamba,
kwenye mti mkongwe wa uani,
nikatundika soksi mbili na taulo
ili mwenye macho aone kamba ya nguo.

Mwenye macho alikuwa Bwana Pacholczyk,
mwenyekiti wa kamati ya jengo.
Barua ya kwanza: Antena haziruhusiwi.
Ya pili: Soksi hizo hazijaanuliwa tangu Oktoba.
Ya tatu ilikuwa na muhuri.

Wanatuita watu wa redio ya ridhaa.
Ridhaa: hakuna mshahara, hakuna aliyetutuma.
Mtambo wangu ni wa mtumba, niliuziwa na mjane wa Pabianice
pamoja na sanduku la vipuri,
koili, kapasita, vali mbili zilizoviringwa kwa gazeti,
na kitufe cha kugongea chenye doa jeusi
pale kidole cha marehemu kilipozoea kukaa.
Sikulisugua.

Usiku, bendi ya mita arobaini inapofunguka,
niligonga: kuna mtu?
Akajibu Eivind, Norwei, theluji imemzibia mlango.
Akajibu daktari wa meno wa Plovdiv.
Niliwapa nguvu ya ishara zao, hali ya hewa yangu,
kisha, kidogo kidogo, mengine:
nyonga yangu; mwanangu Radosław huko Dublin,
anayepiga simu kila Krismasi
kama mtu anayelipa bili.
Nani angesikia? Nukta na vistari tu,
lugha ya watu wasioonana.

Januari nilianguka bafuni.
Siku kumi na moja hospitalini.
Nilirudi kwa mkongojo, na jioni ileile mlango ukagongwa.
Pacholczyk.
Nikajua barua ya nne imekuja kwa miguu.

Alivua kofia. Mkononi alishika pete ya feraiti,
nyeusi, kubwa kama andazi.
"Spika yangu," akasema. "Ya gramafoni. Naishi chini yako.
Kila ukigonga, inanguruma.
Misimu mitatu ya baridi nimekusoma.
Nilikuwa opereta wa redio kwenye meli ya makaa,
miaka kumi na tisa."

Kuta zina masikio, husema watu.
Zetu zina spika.
Uso wangu ukawaka kama pasi.
Nyonga. Radosław. Na usiku ule nilipomwambia daktari wa meno
kwamba siku hizi nakula nimesimama
kwa sababu meza ina viti viwili.
Yote ameyasoma, na bado akaandika zile barua?

"Barua ni kazi," akasema, akiitazama kofia.
"Siku ya tatu ya kimya niliwapigia zimamoto.
Wakaniambia umeshachukuliwa.
Hawakuniambia wapi. Mimi si ndugu."

Akakalia kiti cha pili bila kukaribishwa.
Akauzungusha waya kwenye pete, mara saba, polepole,
kama anayemfunga mtoto skafu.
Akakitazama kitufe. Hakukigusa.
"Kuna jambo jingine," akasema. "Linanikera mwaka wa tatu huu."
"Soksi?"
"Kistari chako. Ni kifupi mno.
Unakikata kabla hakijatimia,
kama mtu anayeogopa kumchosha msikilizaji."

Nikawasha mtambo. Nikasubiri sindano itulie.
Nikabonyeza,
nikashikilia.